Matairi Mapana ya Shemeji Dereva

Mume wangu ana jina refu kwenye kitambulisho, lakini pale gereji hakuna anayelijua. Wote wanamwita Futi, kwa sababu ya futikamba inayoning'inia kiunoni mwake tangu asubuhi mpaka anapovua suruali. Kazi yake ni matairi. Tairi za magari ya lami anaziba kama fundi yeyote, ila sifa yake ni kwa magari yanayokwenda kusiko na lami: ya wapima ardhi, ya wachimba visima, ya wapasua mbao, ya kituo cha afya. Mimi ni mkewe. Nakaa kwenye dirisha la duka la mbele, nauza valvu, viraka na gundi, na kujibizana na wateja. Nawaambieni mapema, mimi nina mdomo. Mama mkwe wangu husema nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kubisha. Sawa. Anayetaka msimulizi mpole akamtafute kwingine.

Zamani huyu bwana alikuwa kero kwa wateja. Mtu anaingia na gari lake, anasema nataka tairi kubwa, za porini. Futi haangalii tairi, anamwangalia mtu. "Unakwenda wapi? Utabeba nini? Njia ya huko ni mchanga, tope au mawe?" Mteja anakunja uso. "Fundi, nimesema kubwa." Futi naye: "Kubwa ya kufanyia nini? Ya kupigia picha?" Siku moja alikuja bwana mmoja na gari linalong'aa, akasema anataka litishe barabarani. Futi akamshauri anunue honi. Mimi dirishani nilicheka mpaka viraka vikanidondoka, na yule bwana akaondoka bila kununua hata valvu.

Nimekaa pale miaka kumi na saba, kwa hiyo hata mimi mambo yenyewe nimeshayajua. Tairi refu linainua tumbo la gari lisikwaruze mawe, hilo kweli. Tairi pana halizami upesi kwenye mchanga, hilo pia kweli. Lakini kwenye tope lile lile pana linateleza kama sabuni, wakati jembamba linakata tope mpaka chini kwenye udongo mgumu na kuushika. Tena ukiweka kubwa kuliko alivyopanga aliyelitengeneza gari, injini inaumia mlimani. Na ukishuka, gia ndogo haikuzuii tena kama zamani, kazi yote inabaki kwa breki. Hata mshale wa mwendo unakudanganya, unasoma arobaini na wewe umeshapita. Futi aliyasema haya kwa kila mteja, kila siku, mpaka mimi nikawa nayasikia usingizini.

Halafu kulikuwa na mambo ya chaki. Kabla hajamfungia mtu saizi mpya, Futi alipaka chaki mabega yote ya tairi, nje na ndani. Akajaza gari mzigo wa uzito ule ule litakaobeba. Akalipandisha gurudumu moja la mbele juu ya ngazi yetu ya zege, ili lisukumwe juu mpaka ndani ya madigadi, halafu usukani ukazungushwa mpaka mwisho, kushoto na kulia. Kisha akaingia chini na tochi kutafuta wapi chaki imehamia. Palipo na chaki, hapo tairi linagusa. Likigusa bati, utasikia kelele na utarudi kulalamika. Likigusa kingine, huenda usirudi. Kazi hiyo ilikula nusu siku, na wateja walimsonya, lakini hakuna gari la mteja lililotoka bila kupimwa.

Nimesema la mteja. Maana pale kwetu kulikuwa na desturi, na sijui nani aliianzisha: gari la ndugu hufungwa mwisho. Mteja amekuja kwa kazi, ndugu amekuja nyumbani. Ndugu atangoja mpaka jioni, atakunywa chai, atapiga soga, halafu mafundi wakishanawa mikono ndipo mmoja atasema, haya, hebu tukumalizie na wewe. Nasi tuliona huo ndio upendo.

Kaka yake Futi tulimwita Dereva, kwa sababu hakuwahi kuwa kitu kingine. Kwangu alikuwa shemeji, na shemeji wa kutaniana hasa. Akinikuta nimevaa gauni jipya ataniuliza hilo pazia nimelitoa dirisha gani. Aliendesha gari la kituo cha afya, lile la kupeleka dawa na chanjo kwenye vijiji vya juu ya mlima. Njia yake ilikuwa na sehemu mbili mbaya. Kwanza mto mkavu wenye mchanga mwingi, ambako alikuwa akizama na kuchimba kwa sepeto na wauguzi wakimsukuma. Kisha mlima wa mawe, mrefu, wenye kona moja baada ya nyingine, ambao kupanda kwake ni kazi na kushuka ni kazi zaidi. Mchanga ndio ulimchosha. Akapata matairi manne mapana pamoja na rimu zake, saizi mbili themanini na tano, akayaleta kwetu siku ya Jumamosi.

Alifika mchana. Akangoja kama ndugu wanavyongoja. Saa kumi na mbili kasoro ndipo Futi akaja na jeki. Walifanya kazi wakicheka, mmoja anashika spana, mwingine anasimulia mambo ya mganga mkuu anayeogopa kuku. Walipomaliza, Dereva akaingia, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, gari likiwa tupu na limesimama pazuri kwenye sakafu. Kimya. Futi akasema, "Nilete chaki?" Shemeji akasema, "Chaki ya nini? Kwani mimi mteja?" Wakacheka wote wawili. Na mimi nilikuwa nimeshawaita mara mbili kwamba chakula kinapoa. Mara mbili, kwa sauti yangu hii. Nalisema mwenyewe ili asije akalisema mwingine.

Wiki tatu baadaye shemeji alikufa akishuka ule mlima. Gari lilijaa, wauguzi wawili walikuwamo. Walipona, mmoja amevunjika mkono. Huyo wa mkono ndiye aliyetueleza kwamba Dereva alikanyaga breki ikazama mpaka chini, akakanyaga tena, na tena, halafu akawaambia shikeni, akaubamiza ubavu wake wa gari kwenye mwamba ili wasiende bondeni. Polisi wakasema breki zilikatika, gari lenyewe limechakaa, bahati mbaya. Hakuna aliyeuliza habari za matairi. Ndugu walikwenda yadi ya polisi kuyaona mabaki ya gari. Futi hakwenda. Alisema ana wateja, na siku hiyo hatukuwa na mteja hata mmoja.

Watu hudhani mtu wa msiba ni mtu wa kulia. Futi hakulia. Alibeba jeneza, akashika sepeto, akawashukuru watu kwa kuja, na Jumatatu akafungua gereji. Nikasema moyoni, ataanguka kesho. Kesho hakuanguka. Wiki ikapita, mwezi, mwaka. Alikuwa ameshakufa ganzi mzima mzima, anatembea. Ukimsalimu anaitika. Ukimpa chakula anakula. Wakati fulani nilishikwa na hasira, nikapika wiki nzima bila chumvi, makusudi, nione kama atasema neno. Alikula akamaliza, akasema asante. Nikaenda jikoni nikasimama tu pale nikiitazama sufuria.

Na kazini ndiyo usiseme. Maswali yake yote aliyaacha. Mteja akiingia anaulizwa kitu kimoja: "Namba gani?" Akitaja namba, anafungiwa. Anataka pana kwenye gari la tope, anafungiwa. Anataka refu mpaka gari linafanana na meza, anafungiwa. Chaki ilipotea, hata sikujua aliiweka wapi. Na wateja walifurahi! Kazi ikawa ya haraka, foleni ikarefuka. Watu wakaniambia, mama, siku hizi mzee wako kastaarabika. Nilitamani kuwapiga kwa pampu.

Mimi nami sikuwa salama. Nilikuwa nagombana na watu juu ya valvu ili nisikie sauti ya mtu. Mama mkwe alikaa chumbani kwake nyuma ya nyumba, anamenya mahindi, anaimba kidogo kidogo, halafu ananyamaza katikati ya wimbo. Tulikula watatu bila kuongea. Neno moja tulikuwa hatujalisema hata siku moja, si mimi, si Futi, nalo ndilo lililokaa nasi mezani: je, yalikuwa ni yale matairi? Nilimjua mume wangu. Asingeweza kuuliza, kwa sababu jibu lingeweza kuwa ndiyo.

Miaka miwili ikaenda hivyo.

Alhamisi moja, saa mbili kasoro asubuhi, gari jeupe likaingia uwanjani. Aina ile ile ya gari la marehemu. Kituo cha afya kilikuwa kimepata jingine, si jipya lakini zima. Nyuma yake matairi manne mapana yamelazwa juu ya rimu zake. Aliyeshuka alikuwa binti wa Dereva, huyu tunayemwita Gia, kwa sababu alipokuwa mtoto hakuwa anatembea, alikuwa anabadilisha gia kwa mdomo kutoka chumbani mpaka chooni. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, ameendesha lori la kokoto, ana mabega. Alikuwa amepewa kazi ya baba yake.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Jamani, Gia! Umekonda, au ni hilo shati?"

"Ni shati." Akamgeukia mume wangu. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba," akasema Futi, anafuta mikono. "Namba gani?"

Ala! Damu ikanipanda. Nikatoa kichwa dirishani. "Wewe Futi! Huyo ni mtoto wa kaka yako, unamuuliza namba gani kama mpita njia?"

"Mwache, mama mdogo," Gia akasema. "Leo mimi ni mteja. Kuna lori la mbao limenitangulia, nitangoja zamu yangu. Likitoka nishughulikiwe mimi, siyo nikae mpaka jioni ninywe chai." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akamweleza Futi. Bosi wao kanunua yale matairi kwa sababu gari la njia mbovu, eti, lazima liwe na matairi makubwa. Jumatatu yeye anaanza safari za juu ya mlima. "Nataka uyapime kabla hujafunga. Kwa chaki, gari likiwa na mzigo wake kamili."

"Siku hizi sipimi," Futi akasema. "Nafunga tu."

"Basi hufungi."

"Mafundi wako wengi. Nenda kwa mwingine."

"Huyo mwingine atanifungia bila kuuliza kitu, na Jumatatu nitashuka nayo mlimani. Unataka hivyo?"

Futi alikwenda nyuma ya gari. Akainama kwenye tairi la juu, akasoma namba ubavuni. Akaisoma tena. Mimi dirishani nilikuwa nimeshaisoma, maana nina macho. Mbili themanini na tano, na rimu za aina ile ile. Gari aina ile ile. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kujua. Chaki ikibaki kwenye tairi, basi kaka yake aliuawa na uchakavu na bahati, na Futi amejitesa bure. Chaki ikihamia pabaya, basi alimfungia kifo kwa mikono yake huku wanacheka. Na asipopima, binti anashuka na hayo hayo. Nikajiambia atakataa. Namfahamu, atakataa, na mimi nitafunga hili duka nirudi kwetu.

Alikwenda kwenye lori la mbao. Akalishughulikia saa nzima, polepole, kwa tairi moja la nyuma ambalo angelimaliza kwa dakika ishirini. Gia aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Hakumwambia aharakishe, hakumtazama hata. Halafu Futi akaingia stoo, nikasikia anapekua, vitu vinaanguka. Akatoka na kopo la chaki.

"Mnabeba nini?" akauliza.

Nilishika fremu ya dirisha. Alikuwa hajamuuliza mtu swali hilo kwa miaka miwili.

"Maboksi ya dawa kumi na mawili," Gia akasema. "Friji mbili za chanjo. Madumu manne ya maji. Wauguzi wawili na mimi."

Jirani anayejenga alituazima mifuko ya mchanga. Tukapakia mpaka springi zikalala. Wauguzi wakakosekana, kwa hiyo nikapandishwa mimi na dereva wa lori la mbao, ambaye alikuwa haelewi chochote ila alifurahi kuambiwa akae. "Mama," aliniuliza, "tunakwenda wapi?" Nikamwambia tunakwenda kuchanja watoto, anyamaze. Chini huko Futi alikuwa ameshafunga mapana yote manne na anapaka chaki, taratibu, bega la nje, bega la ndani, haachi hata jino. Gia akakamata usukani. Akalipandisha gurudumu la mbele la kushoto kwenye ngazi ya zege, gari likainama upande, mimi nikamwangukia yule dereva wa mbao begani, naye akasema samahani kana kwamba kosa ni lake.

"Kushoto mpaka mwisho," Futi akasema.

Gia akazungusha. Nilitega masikio mpaka yakauma. Hakuna kelele.

"Kulia."

Hakuna kelele.

"Tena. Mara tatu."

Mara tatu, kimya kabisa. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, haligusi. Mungu wangu, haligusi, miaka miwili ya bure, leo atakula chakula chenye chumvi. Futi akachukua tochi, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Kutoka nilipokaa niliona miguu yake tu, na ndala moja imemtoka. Miguu ile ilikaa pale. Haikutikisika kwa muda mrefu mno.

"Limegusa," akasema kutoka chini.

"Wapi?" Gia akauliza.

"Mpira wa breki. Ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayetaja bei. "Ni mpira kwa mpira, ndiyo maana huusikii. Linaramba tu. Kila kona linaramba kidogo. Na likiwa tupu halifiki, mpaka libebe."

Yule dereva wa mbao akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Gia alivuta breki ya mkono, akashuka, akalala chini naye akajisukuma kule alikokuwa baba yake mdogo. Miguu minne sasa. Nikateremka nikachuchumaa karibu na gurudumu. Sikujali kama naambiwa niondoke, na hakuna aliyeniambia.

"Baba mdogo," Gia akasema. "Nilikuwa najua."

Mwanga wa tochi ukasimama mahali pamoja.

"Siku ya pili ya msiba nilikwenda yadi peke yangu, asubuhi sana. Niliuona ule mpira kwenye gari la baba. Ulikuwa umelika upande mmoja mpaka unang'aa, halafu umepasuka papo hapo. Nikaukata kwa kisu, nikautupa chooni. Wengine walipokuja hapakuwa na cha kuonekana."

Futi akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Bibi alikuwa anazika mwana mmoja. Nimpe wa pili?"

Nilisikia tochi inawekwa chini. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba wakati huo, anamenya mahindi yake, na mimi nikamwombea asitoke.

"Ulinichukia," Futi akasema. Hakuuliza.

"Mwaka wa kwanza wote. Nilikuwa napita hapa na lori sigeuzi shingo. Halafu nikachoka. Sasa hivi sikuchukii, sijisikii chochote. Lakini Jumatatu nashuka ule mlima, na nahitaji fundi. Wewe ndiye unayejua kuliko wote, huo ndio ukweli. Ila siwezi kumkabidhi breki zangu fundi asiyejua alikosea wapi. Kukuambia kwa mdomo ungesema sawa, kama unavyosema sawa kwa kila kitu. Nilitaka uone kwa macho yako. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi nichagulie matairi."

Akatoka yeye kwanza, mgongo mweupe kwa vumbi. Futi alibaki. Nikanyoosha mkono nikamshika ule mguu usio na ndala, ulikuwa wa baridi. Nikamwambia, "Toka huko. Mtoto anangoja." Sikuwa na maneno mengine, mimi mwenye mdomo.

Alitoka. Akatoa futikamba, akapima nafasi iliyobaki kati ya tairi na mpira, kati ya tairi na bati, akaandika kwenye ukuta. Akamuuliza Gia mchanga wa mtoni unafika wapi kwenye gurudumu, mvua zikianza tope ni la aina gani, mawe ya mlimani yana makali au ni ya duara. Gia akajibu kila moja. Mwisho akaenda stoo akatoa tairi za saizi saba hamsini, zile zile za asili, nyembamba na ndefu, zenye ubavu mnene wa kubeba mzigo, akazifunga kwenye rimu nyembamba za gari lenyewe.

"Urefu huu unatosha kwa mawe," akamwambia. "Upana wa nini? Ukifika mtoni shuka, punguza upepo magurudumu yote manne, tairi litalala lenyewe na kushika mchanga. Ukivuka, jaza tena kabla hujaanza mlima. Usiwe mvivu wa kujaza. Chukua pampu yangu. Na kushuka ni gia ya kwanza, hata wauguzi wakilalamika."

"Watalalamika."

"Waache walalamike."

Akapaka chaki upya. Tukapanda tena, mimi na yule wa mbao, ambaye sasa alikuwa amekataa kuondoka. Kushoto, kulia, mara tatu, kisha upande wa pili, mara tatu. Futi akaingia chini akakaa sana. Alipotoka akamwambia Gia aingie aone mwenyewe, na Gia akaingia. Mimi nami nikaingia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nywele zangu zikapata grisi ambayo haijatoka mpaka leo. Mpira wa breki ulikuwa safi, mweusi, hauna hata unga wa chaki. Yale mapana tuliyarudisha kwa bosi yakiwa na karatasi Futi aliyoandika mwenyewe: Haya hayafai gari hili. Anayebisha aje anione.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Futi alikuwa vilevile. Alikula, akalala, akasema asante. Nilikuwa nimetegemea kitu fulani kitatokea na hakikutokea, nikakasirika, kisha hata hasira ikaisha.

Jumatatu hakufungua gereji. Alikaa kwenye benchi la nje na simu mkononi. Wateja walikuja, nikawaambia fundi anaumwa, wakauliza anaumwa nini na wanamwona pale, nikawaambia wao ni madaktari? Saa nne, hakuna. Saa saba, hakuna, na ndio wakati wa kuwa juu. Saa nane akaacha kuangalia simu, akawa anaiangalia njia tu. Nilimpelekea maji, hayakunywewa.

Saa tisa na robo ikalia. Akaiweka sikioni. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumsikia Gia, nyuma yake wauguzi wanacheka na injini inanguruma.

"Nimeshuka, baba mdogo. Niko chini."

"Breki?"

"Zipo zote."

"Haya," Futi akasema. "Haya, mwanangu." Akaiweka simu juu ya benchi. Akainama, akashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Inauma," akasema.

"Nini kinauma? Mgongo? Nilikuambia zile siku za kulala chini kwenye sakafu..."

"Kote," akasema. "Mke wangu, inauma kote." Na uso wake ukavunjika, mbele ya wateja wawili na mwenye lori mmoja, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akimwita kaka yake kwa jina.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikawafukuza wale wateja, nikafunga dirisha la duka, nikaenda kumwita mama yake.